Makaroni za Halowini zinanipasukia Malindi: nifanyeje kabla ya tarehe 31?

Mwokaji wa Malindi (muuliza swali)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mimi huoka nyumbani hapa Malindi, na kazi yangu ya kila siku ni keki za arusi, biskuti za siagi na mikate ya mayai. Wiki iliyopita mama mmoja Mwitaliano mwenye nyumba ya wageni aliniagiza makaroni 120 kwa ajili ya karamu ya watoto itakayofanyika jioni ya tarehe 31 Oktoba, siku ya Halowini. Anataka rangi tatu, yaani rangi ya chungwa, nyeusi na nyeupe, na anataka baadhi ziwe na umbo la boga, baadhi la popo na baadhi la kizuka. Nilikubali kwa haraka, na sasa haraka hiyo ninaijutia.

Kwa wasiozifahamu, sizungumzii makaroni za jamii ya tambi. Muuza duka niliyemwomba unga wa lozi "wa kutengenezea makaroni" alinipakulia tambi za kupinda, na alinitazama kwa mashaka nilipomwambia kwamba ninazioka pamoja na sukari. Hizi ni za Kifaransa: biskuti mbili ndogo za unga wa lozi, sukari ya unga na ute wa mayai uliopigwa, zilizobana krimu katikati. Juu zinatakiwa ziwe nyororo kama ganda la yai, na chini ziwe na ukingo wenye vitundu vitundu ambao waokaji huuita miguu.

Nimejaribu mara nne, kila mara kwa ute gramu 100, unga wa lozi gramu 130, sukari ya unga gramu 130 na sukari ya kawaida gramu 90. Mara ya kwanza niliziacha zikauke kwa dakika 40, nikazitia katika oveni, na zote zikapasuka juu. Mara ya pili niliziweka karibu na dirisha, nikawasha feni na kusubiri saa mbili nzima, lakini nilipogusa, rojo lilinata kwenye kidole kana kwamba ndiyo kwanza nimelimimina. Zikapasuka tena, vibaya kuliko mwanzo. Mara ya tatu zilipata miguu, ila ilielemea upande mmoja, na nilipozivunja nilikuta ndani mna pango tupu. Mara ya nne nilitia rangi ya maji ya chungwa ili nianze kuzoea, na rojo likatambaa trei nzima kama chapati za maji.

Oveni yangu ni ya gesi, moto wake unatoka chini, na namba zilizoandikwa kwenye kitufe siziamini. Mashine yangu ya kupigia mayai ni ya mkononi. Nauliza hivi: je, kosa ni langu au ni unyevu wa huku kwetu? Je, ninaweza kutumia korosho za Kilifi badala ya lozi, ambazo bei yake inaniumiza? Na rangi nyeusi hupatikana vipi bila ya kuzigeuza biskuti kuwa chungu?

Mpishi wa vitamutamu, Watamu

Waaleikum salaam, dada. Nimefanya kazi katika majiko ya hoteli kwa miaka mingi, na ninaweza kukuhakikishia kwamba mapishi yako hayana kosa kubwa. Vipimo ulivyovitaja ni vya kawaida kabisa na hutumika kila siku huko Ufaransa. Tatizo ni kwamba vilipangwa kwa jiko lenye hewa kavu, nawe unaoka hatua chache kutoka baharini, katika majira ambayo kusi imekwisha na mvua za vuli zinabisha hodi.

Elewa kwanza kwa nini tunazikausha. Rojo likiingia katika joto, maji yaliyomo hugeuka mvuke, na mvuke lazima utoke. Ikiwa juu pamekwisha kukauka na kufanya ngozi nyembamba, mvuke hushindwa kupenya hapo, hutokea chini pembezoni, na katika kutoka kwake huiinua biskuti. Hiyo ndiyo miguu. Ikiwa ngozi haijashika, mvuke hutokea popote palipo dhaifu, na mara nyingi ni juu. Kwa hiyo maganda yaliyopasuka mara ya kwanza na ya pili yana sababu moja, ingawa ulisubiri kwa muda tofauti.

Feni karibu na dirisha haikukusaidia, na huenda ilikudhuru. Feni haiondoi maji hewani, bali huyahamisha tu, na wewe uliielekeza hewa ya bahari moja kwa moja juu ya sukari, kitu ambacho kwa asili yake huvuta unyevu. Kinachokausha ni kiyoyozi. Utazame ule mpira unaodondosha maji nje ya ukuta kiyoyozi kinapofanya kazi: maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakizuia maganda yako yasishike. Ikiwa una chumba chenye kiyoyozi, hata kama ni cha kulala, kifunge, kiwashe nusu saa kabla, kisha upeleke trei zako humo. Usihesabu dakika, gusa ubavuni kwa kidole, na ikiwa hakinati, ziko tayari.

Pili, ningekushauri uachane na povu la Kifaransa, yaani lile linalopigwa kwa sukari kavu, na utumie la Kiitaliano. Vipimo vyangu ni unga wa lozi gramu 150 na sukari ya unga gramu 150, vilivyochekechwa pamoja, kisha nachanganya humo ute mbichi gramu 55 mpaka pawe na kitu kizito kama halua ambayo haijaiva. Kando, nachemsha sukari gramu 150 na maji gramu 40 hadi kipimajoto kisome nyuzi 118, na wakati huo ute mwingine gramu 55 unakuwa umeanza kutoa povu. Shira hiyo humiminwa polepole pembeni mwa bakuli huku mashine ikizunguka, na unaendelea kupiga mpaka bakuli lipoe na kubaki vuguvugu. Povu la namna hii limepikwa na shira, kwa hiyo ni imara zaidi, na halikimbilii kulegea hewa ikiwa nzito.

Kuchanganya povu na lozi ndiko kunakowashinda wengi. Usikoroge kama unayekoroga uji. Zungusha mwiko wa mpira ukikwangua ubavu wa bakuli, inua kutoka chini, bandika juu, na kila baada ya mizunguko kadhaa uinue mwiko na kutazama. Rojo linalokatika vipande bado. Linaloshuka kama utepe usiokatika, na mstari wake ukazama baada ya sekunde kumi na kitu hivi, limefika. Ukizidisha mizunguko mitano tu baada ya hapo, utapata zile chapati za maji ulizozitaja, ijapokuwa katika jaribio lako la nne ninailaumu zaidi rangi ya maji. Rangi ya makaroni iwe ya jeli au ya unga, nayo iwe kidogo.

Lile pango la ndani mara nyingi hutokana na ute uliopigwa kupita kiasi au oveni yenye joto kali, na miguu iliyoelemea upande mmoja hutokana na joto lisilo sawa au trei iliyopinda. Nunua kipimajoto cha kuning'iniza ndani ya oveni kabla ya kununua kitu kingine chochote. Kwa kuwa moto wako unatoka chini, pachika trei mbili pamoja, moja juu ya nyingine, uoke kwa nyuzi 150 kwa muda wa dakika 14 hadi 16, trei moja ya makaroni kwa wakati mmoja. Korosho usizijaribu kwa agizo hili. Jifunze kwanza kwa lozi.

Mama wa Lamu

Mwanangu, pole kwa majaribio manne yaliyoharibika, na hongera kwa kuuliza mapema. Namheshimu ndugu yetu wa Watamu, na maelezo yake juu ya mvuke ni sahihi, lakini yeye anazungumza akiwa na mashine kubwa ya hoteli iliyosimama mezani peke yake. Wewe una mashine ya mkononi. Mkono mmoja utashika mashine, wa pili utamimina shira ya nyuzi 118, na wa tatu utautoa wapi? Shira hiyo ikikurukia, inashika ngozini wala haifutiki. Mimi niliacha mtindo huo baada ya kuungua kiganja, na tangu hapo ninatumia povu la Kiswisi, ambalo kwa waokaji wa nyumbani wa pwani naliona bora kuliko yote mawili.

Weka ute gramu 100 na sukari gramu 100 katika bakuli juu ya sufuria ya maji yanayotokota taratibu, bila ya bakuli kugusa maji. Koroga kwa mchapo mpaka sukari iyeyuke yote, takriban nyuzi 50 hadi 55. Ukichukua tone na kulisugua kati ya vidole viwili, usisikie hata chembe moja. Toa motoni, upige mpaka povu lisimame na ncha yake ipinde kidogo tu kama mdomo wa ndege, kisha utie unga wa lozi gramu 105 na sukari ya unga gramu 105. Hakuna shira ya kumimina, na kwa kuwa sukari imekwisha kuyeyuka, povu halikutoki maji.

Sasa kuhusu kukausha. Si kila mtu ana kiyoyozi, na mimi ni mmoja wao. Ninachokifanya ni kuwasha oveni kwa dakika chache, kuizima, na kuziingiza trei ndani mlango ukiwa wazi kidogo, kwa dakika kumi hivi, huku nikitazama. Lakini wewe unatumia gesi, na jambo hili wengi hawalijui: gesi inapoungua hutoa mvuke wa maji. Kwa hiyo baada ya kuizima, ufungue mlango wote, uiache oveni ipumue, ndipo uingize trei. Ukiziingiza papo hapo, utakuwa umezitoa mvuani na kuzitia bafuni.

Unga wa lozi nao hubeba unyevu, hasa ule uliokaa dukani katika mifuko iliyofunguliwa. Utandaze kwenye trei, uuweke katika oveni ya nyuzi 100 kwa dakika kumi, uupoze kabisa, kisha uuchekeche. Na tafadhali usioke alfajiri. Wenzetu wengi huamka mapema wakidhani kwamba baridi ya asubuhi ni msaada, kumbe usiku wa manane mpaka alfajiri ndipo hewa inapokuwa imelowa kuliko saa zote. Gusa kamba ya nguo uliyoiacha nje usiku, utaelewa. Mimi naanza baada ya adhuhuri, jua likiwa kali, na tofauti naiona.

Kuhusu korosho, nimezitumia na zinakubali, ila si kwa urahisi. Ziwe mbichi, zisizokaangwa wala kutiwa chumvi, zikaushwe, na zisagwe pamoja na sukari ya unga kwa kubonyeza blenda na kuachia, kubonyeza na kuachia, kwa maana ukiiacha izunguke mfululizo utapata siagi ya korosho na si unga. Nusu lozi na nusu korosho ndicho kipimo kilichonipa maganda mazuri. Na usije ukadanganywa na mtu anayeuza kungu akaziita lozi. Mti wa mkungu ni wa kivuli chetu na kokwa zake tulizipasua kwa mawe utotoni, lakini kujaza kikombe kimoja tu utapasua mpaka Idi.

Mwokaji wa Malindi

Shikamoo, Bi mkubwa, na ahsante sana kaka wa Watamu. Nimewasikiliza wote wawili, na nimechukua povu la Lamu na chumba cha Watamu. Jana baada ya adhuhuri nilikausha unga wa lozi, nikapiga povu la Kiswisi, na trei mbili nikazipeleka chumbani kwangu, nikaziweka juu ya kitanda nilichokitandika ubao. Mume wangu aliporudi kazini na kutaka kujilaza, ilibidi aelekezwe kwenye kochi. Baada ya dakika 35 kidole hakikunata.

Kipimajoto kilinionyesha kwamba nilipokuwa nikiweka 150, oveni ilikuwa inafika 175, na hapo nikaelewa mengi. Niliipunguza, nikapachika trei mbili, na nikakaa chini mbele ya kioo. Katika dakika ya tano miguu ilianza kuchomoza pande zote kwa pamoja, na nilimwita jirani aje aione. Kati ya maganda 54 yaliyotoka, 46 yalikuwa mazima. Hata hivyo, rangi ya chungwa ilitoka motoni ikiwa ya kahawia kama tofali, na nyeusi nimeshindwa kabisa. Naipata rangi ya kijivu, kama jivu la makaa. Nazo maumbo ya boga na popo sijui hata pa kuanzia. Watoto hawatakubali miviringo mitupu.

Fundi wa mapambo, Malindi

Dada, mimi kazi yangu hasa ni kupamba keki, na makaroni za Halowini nimezifanya kwa wageni misimu kadhaa, kwa hiyo niruhusu nianze na nyeusi, kwa sababu ndiyo inayowatoa watu machozi. Usijaribu kuitoa kwenye nyeupe. Anza na kahawia: punguza gramu 10 za unga wa lozi na uweke gramu 10 za kakao iliyochekechwa, kisha juu ya kahawia hiyo utie rangi nyeusi ya jeli. Kwa njia hii utahitaji jeli kidogo sana, uchungu hautakuwapo, na midomo ya watoto haitageuka kama wamekula wino. Usizidishe kakao, kwani mafuta yake hulivunja povu. Ukiona rojo bado ni kijivu kilichokoza, liache hivyo. Nyeusi huendelea kukolea kadiri saa zinavyopita, na kesho yake utaikuta imefika.

Rangi ya chungwa, kwa upande mwingine, itie kali kuliko unavyoitaka, kwa sababu moto huipauza, na uichanganye mwenyewe kutokana na manjano nyingi na nyekundu kidogo. Ukahawia ulioupata ni kuungua kwa sukari. Shusha trei ngazi moja, na katika dakika ya nane, miguu ikiwa imekwisha kushika, funika juu kwa karatasi ya foili bila ya kuibana. Nyeupe za vizuka usizitie rangi yoyote. Lozi zitazipa weupe wa maziwa, nao unatosha.

Maumbo yote huchorwa kwanza kwa kalamu kwenye karatasi, na karatasi hiyo huwekwa chini ya ile ya kuokea, kisha ikavutwa kabla ya kuoka. Boga ni matone matatu marefu yaliyosimama ubavu kwa ubavu: toa la kulia na la kushoto, subiri dakika moja, kisha utoe la katikati juu yao, na mifereji ya boga itajitokeza yenyewe. Kikonyo ni nukta ya rojo la kijani. Kizuka ni tone moja nene ambalo unalivuta chini upate mkia. Popo ndiye msumbufu: toa mviringo, kisha uvute mabawa na masikio kwa kijiti cha meno kabla rojo halijaanza kushika. Kumbuka kwamba kila umbo linahitaji pacha wake aliyegeukia upande wa pili, la sivyo ukija kuzifumba, bawa la juu litaangalia Mambrui na la chini litaangalia Watamu. Kosa hilo nililifanya mimi, kwa popo arubaini.

Nyuso zichorwe baada ya kuoka, kamwe si kabla. Wengi hutumia chokoleti iliyoyeyushwa, lakini kwa joto la Malindi macho ya boga yatakuwa yamefika kidevuni kabla ya karamu kuanza. Tumia sukari ya unga iliyopigwa na ute mpaka iwe nzito, kwa mfuko wenye tundu la sindano. Ikikauka inakuwa ngumu kama chaki. Kwa kuwa walaji ni watoto, tumia ute wa unga uliopikwa kiwandani badala ya ute mbichi. Utando wa buibui juu ya zile nyeusi ni duara tatu, moja ndani ya nyingine, ambazo unazikata kwa kijiti kutoka katikati kuelekea nje zikiwa bado mbichi. Kwa mchoro huo utadhaniwa umesomea Paris.

Na boga lisiishie kwenye sura. Pika boga la nazi kama la futari, lenye iliki na mdalasini, ila uliache kwenye moto mpaka tui lote likauke na mwiko uache njia chini ya sufuria, kwani kijazo chenye maji kitalainisha maganda yakawa uji ndani ya siku moja. Zungusha krimu ya siagi pembezoni kama ukuta wa kisima, na katikati utie kijiko kidogo cha boga. Ni jambo la kufurahisha, ukitafakari, kwa sababu hata hilo boga lenyewe ni mgeni katika sikukuu hii: huko Ailandi na Uskoti walikokuwa wakiisherehekea zamani walichonga taa kwenye mizizi ya tanipu, na ni wahamiaji waliofika Marekani waliokuta maboga makubwa yaliyo rahisi kuchongwa.

Usioke zote siku moja. Maganda matupu yakifungwa vizuri hukaa katika jokofu la kugandisha bila ya tabu, kwa hiyo oka fungu moja kila alasiri kuanzia tarehe 25, usiongeze vipimo mara mbili, na ujaze tarehe 30 asubuhi. Makaroni zinataka kulala usiku mmoja katika friji baada ya kujazwa; zikiliwa papo hapo huwa ngumu, na kesho yake ganda na krimu huwa kitu kimoja. Unapozitoa, usifungue kopo mpaka lifikie joto la chumba. Umande utafanyika nje ya kopo badala ya juu ya popo wako.

Mkazi wa Malindi, msomaji

Naongeza jambo dogo tu. Kwa kuwa aliyekuagiza ni Mwitaliano, mwulize kama kwao wanaoka fave dei morti. Ni vibiskuti vidogo vya lozi, sukari na yai ambavyo katika sehemu kadhaa za Italia huliwa siku ya kuwakumbuka marehemu, tarehe 2 Novemba, siku mbili tu baada ya Halowini. Havihitaji miguu wala ngozi, na vinatumia malighafi zile zile ulizonazo. Hata maganda yaliyopasuka ukiyasaga, unga wake unaingia humo. Pia, kabla hujapeleka, mwambie kwa maandishi kwamba kila makaroni ina lozi, ili wazazi wa watoto wajue. Kuna watoto ambao lozi moja inawapeleka hospitali.

Mwokaji wa Malindi

Nimerudi leo tarehe 1 Novemba kutoa taarifa, kama adabu inavyotaka. Niliandika juu ya lozi kwenye kila kopo, na ikawa heri, kwa sababu mtoto mmoja wa wageni alikuwa haruhusiwi kabisa kuzigusa. Nilimpelekea visheti vyake peke yake.

Nilioka mafungu sita kwa alasiri sita. Fungu la tatu liliharibika kwa sababu umeme ulikatika trei zikiwa chumbani, kiyoyozi kikazimika, na kufikia umeme uliporudi maganda yalikuwa yameanza kunata upya. Nilijaribu njia ya oveni ya Bi mkubwa, nikaokoa trei moja kati ya mbili. Kati ya yote niliyooka nilipata jozi 127 nzuri. Nilizipeleka kwa tuktuk, makopo nimeyapakata mapajani, nikimsihi dereva apunguze mwendo kila penye tuta, na zilizofika zikiwa nzima ni 124. Popo watatu walivunjika masikio. Nilipouliza nifanye nini nao, watoto walisema hao ndio wanaotisha zaidi, wakaanza na hao.

Zile za boga la nazi ziliisha kwanza, na mwenyeji wangu alitaka kujua ni kijazo gani. Nilipomwuliza kuhusu fave dei morti alicheka, akasema bibi yake alikuwa akivipika, na ameniagiza kilo moja kwa ajili ya kesho. Kaka wa Watamu, je, vinahitaji nyuzi 150 hizo hizo, au nipandishe?

Mpishi wa vitamutamu, Watamu

Pandisha hadi 160, dada, na uvitoe vikiwa bado vyororo katikati, kwa kuwa vitakazana vikipoa. Trei moja inatosha safari hii.